Madaftari Kumi na Manne ya Mtendeli

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, Mwatumu, mkutubi wa chuo kimoja mjini Kasulu, alifungua kasha la madaftari ya Mtendeli akakuta majani makavu ya tumbaku tu. Madaftari kumi na manne, yaliyoandikwa kwa mkono na wakimbizi wa Burundi wa kambi hiyo ya upande wa Kibondo kabla haijafungwa, yalikuwa yametoweka. Majani yamepangwa vizuri pembeni. Alilifunga kasha kabla mtu mwingine hajachungulia.

Saa tatu, Mkuu wa chuo, Bwana Isack, alikwishampata mwizi wake: Jeanne, mhudumu wa maktaba.

"Daftari la sita aliliandika baba yake, na ufunguo anao," alisema mbele ya wafanyakazi wote. "Saa sita namkabidhi polisi."

"Mana yanje, Mungu wangu!" Jeanne alimgeukia Mwatumu. "Mama, niibe mwandiko wa marehemu baba niupeleke wapi?"

"Tulia, mwanangu," alisema Mwatumu, akamvuta kando wasipoweza kusikiwa. "Tumbaku uliiweka lini kati ya kurasa?"

"Ijumaa saa kumi na moja jioni, wasomaji walipotoka. Wadudu walishaanza kula kurasa."

Mwatumu alikasirika, na hasira zake hazikuwa za kelele. Alitoa fomu za mwezi uliopita, ambamo wahadhiri walitoa alama, moja hadi tano, kwa kila aina ya vitu vya maktaba. Kilichokosa mtetezi kingetupwa. Kisha akawaita, mmoja mmoja, wahadhiri watatu waliosaini kuchukua funguo za maktaba na makasha Jumamosi.

Dokta Philemon wa kompyuta aliyapa madaftari alama moja. "Yanakula nafasi," alisema bila kupepesa macho. "Ningekuwa na uwezo, ningeyatupa mchana kweupe."

Mwatumu alimwamini. Anayetupa takataka hachambui jani kwa jani.

Dokta Herieth wa historia aliyapa tano. "Nina kibali cha kuyapiga picha tangu Januari, Mama. Niibe cha nini?"

Dokta Evaristi wa kilimo aliyapa moja, akaongeza kwa wino: sijawahi kuyafungua. "Mnatusumbua bure," alifoka. "Nani atasoma makaratasi yaliyojaa tumbaku?"

Saa tano na nusu Mwatumu aliwakutanisha wote watatu, pamoja na Mkuu na Jeanne.

"Dokta Evaristi, tumbaku uliiona wapi?"

"Kila mtu anajua."

"Iliwekwa Ijumaa jioni, na tangu asubuhi kasha sijamfungulia mtu. Mkuu, wewe ulijua?"

Mkuu alitikisa kichwa.

"Njia ya mwongo ni fupi, Dokta. Aliyechambua majani yale alihofia kurasa zisichafuke. Aliyathamini madaftari kuliko alivyojaza kwenye fomu."

Evaristi aliinama, akakiri. Kitabu chake cha maharage ya asili, alichodai kukikusanya kwa wakulima wa Makere na Kagerankanda, kilitoka kwenye daftari la sita. Aliyapa moja ili yatupwe, ushahidi upotee. Tano za Herieth zikayaokoa, ndipo akayaiba.

"Na mengine nilikuwa bado nayanakili," alisema. "Yamo ndani ya gari."

Jeanne alisimama. "Baba yangu aliitwa Niyongabo. Ungeandika jina lake tu, Dokta, ningekuletea na mbegu zenyewe."

Mkuu alikohoa. "Basi, Jeanne. Rudi kazini."

Jeanne hakusogea. "Mliniita mwizi mbele ya wafanyakazi wote, Mheshimiwa. Waiteni tena."

Mkuu alimtazama Mwatumu, naye akamfungulia mlango. Mkuu akatoka kwenda kugonga mwenyewe kengele ya kuwaita wafanyakazi.