Mkono Mzito, Sindano Laini

Waliishika mashine moja kwa wakati mmoja, mwanadada upande wa kushoto, kijana wa watu upande wa kulia, na hakuna aliyekuwa tayari kuachia. Soko la vyombo vilivyotumika lilikuwa limefurika. Wauzaji walipaza sauti, watu walisukumana kati ya majokofu na feni, na hapo katikati, juu ya turubai, ilikaa mashine ya santuri yenye mkono mrefu wa chuma.

"Dada, mimi nimeiona kwanza."

"Kuona si kushika, kaka. Mimi nimeshika."

"Na mimi hapa nimeshika nini? Kivuli chake?"

Alicheka bila kupenda. Alikuwa mwalimu wa dansi, na siku hiyo alivaa gauni la njano lililombana kiunoni na kuchanua magotini. Mwanamke wa namna hiyo hachekeshwi ovyo na wanaume wa sokoni. Lakini huyu alikuwa na macho ya utani, na bisibisi tatu zimepangwa kwenye mfuko wa shati kama kalamu za karani.

"Unaitakia nini?" akauliza kijana.

"Nafungua ukumbi wa dansi. Baba kanipa santuri zake zote. Na wewe?"

"Mimi fundi wa mashine hizi. Nilitaka niitengeneze, kisha nimtafute mteja."

"Basi mteja umempata. Itengeneze."

Fundi akaachia. Aliachia mashine, lakini mwenye mashine hakumwachia tena.

Simu zikaanza. Asubuhi simu, mchana simu, jioni simu mpaka sikio linachemka.

"Haloo, fundi. Mgonjwa wangu anaendeleaje?"

"Amepata mafuta, anazunguka vizuri. Ila kuna mtu hapa anakuulizia."

"Nani huyo?"

"Moyo wangu, Mwalimu. Tangu jana haujala."

"Mwongo mkubwa wewe!" Huku Mwalimu anajirusha kitandani na kukumbatia mto.

Akapenda, na akapenda kweli. Akaanza kupita karakana kila atokapo mjini, akikaa kwenye kigoda kati ya nyaya na maboksi, akimtazama fundi alivyoinama na kijitochi mdomoni. Siku moja akamletea zawadi: kichwa cha sindano, kile kidude kidogo kinachofungwa kwenye ncha ya mkono wa mashine ili sindano yake isome santuri. Kilikuwa chekundu, kinang'aa kama kucha iliyopakwa rangi.

"Umekinunua bila kuniuliza?"

"Zawadi huulizwa, mpenzi?"

"Haiulizwi, malaika wangu," akasema fundi, na akameza alichotaka kusema. Hapo ndipo alipokosea. Mwanamume anayeweza kuzungumza na chuma kutwa nzima alishindwa kumwambia mpenzi wake neno moja la kweli.

Wiki ya ufunguzi ikafika, shughuli yenyewe Jumamosi, na kila mtu roho juu. Jumanne fundi alichelewa kuja kupima sakafu ya ukumbi. Mwalimu akafoka, akakata simu, akaizima kabisa. Kufika Alhamisi hasira zilikuwa zimekwisha na aibu imebaki. Akachemsha chai, akaijaza kwenye chupa, akaenda karakana kuomba radhi.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Fundi alikuwa amempa mlango mgongo, simu sikioni.

"Mrembo, mjomba, hilo sikatai. Ukimwona utampenda. Lakini laini mno, na mkono wangu huu mzito. Kitu kidogo tu, anaruka. Hata mtu akikanyaga sakafu kwa nguvu, anaruka! Huyo hanifai kwa kazi ya kila siku. Jumamosi ikipita namrudisha alikotoka, nitafute mwingine mgumu kidogo... Kumwambia? Naogopa, mjomba. Sijui nianzie wapi."

Chupa ya chai nusura imponyoke. Mwalimu aligeuka, akatembea, kisha akakimbia, na viatu vya kisigino havikumzuia.

"Kasema 'namrudisha alikotoka'?" dada yake mkubwa akauliza nyumbani, kashika kiuno.

"Kwa masikio yangu!"

"Na mkono mzito? Mdogo wangu, shukuru Mungu. Huyo angekupiga."

"Hajawahi hata kuniinulia sauti, dada."

"Simba naye akilala hunyamaza."

Mwalimu akalia, akanawa uso, akalia tena. Kilichomuuma si kuachwa. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameshaanza kumwona mtu yule katika kila siku ya maisha yake iliyobaki. Simu iliita Ijumaa nzima. Hakupokea.

Jumamosi alasiri ukumbi ulijaa. Wanawake kwa magauni ya maua, wanaume kwa viatu vilivyong'arishwa, na vicheko mpaka mlangoni. Mwalimu, ndani ya gauni jekundu lililokuwa halina habari na huzuni yake, alikuwa anaunganisha simu na spika ili walau kuwe na muziki. Mara watu wakapisha njia. Fundi aliingia amekumbatia mashine kifuani, shati limelowa jasho.

"Nimekupigia mpaka betri ikaniomba msamaha," akasema.

"Umefuata nini hapa?"

"Ahadi ni deni, Mwalimu. Niifunge, halafu ukinifukuza nitaondoka."

Mwalimu akaweka spika chini. Alibaki palepale akitazama. Fundi aliweka mashine juu ya meza nzito, akalaza pimamaji juu yake na kuchomeka kikaratasi chini ya mguu mmoja mpaka pakawa sawa. Akazungusha uzito wa nyuma ya mkono hadi mkono ukaelea wenyewe hewani, haupandi, haushuki, kisha akaurudishia gramu chache za kukandamiza sindano, akizipima kwa kijimzani. Na kwenye ncha ya mkono hapakuwa na kile kichwa chekundu. Palikuwa na kichwa kipya, cheusi, hakina urembo wowote.

"Cha kwangu kiko wapi?"

Fundi akashusha pumzi. "Ndilo jambo lililoninyima usingizi. Samahani, kipenzi. Yule mrembo wako nilitaka nimvumilie mpaka leo ipite, nikashindwa. Jana nimemrudisha alikotoka. Laini mno yule, na mkono huu wa mashine mzito. Watu wakicheza, sakafu ikitikisika, anaruka, muziki unakatika. Nikamtafuta huyu, mgumu kidogo, anatulia."

Mwalimu akainua uso. "Yule... nani?"

"Si kile kichwa chekundu?"

"Kichwa?" Sauti ilimpanda. "Kichwa ni *kile*! Kichwa *kinaruka*! Tangu lini kichwa *anaruka*? Hata mtoto wa chekechea anajua!"

Watu wa karibu waligeuka. Fundi alipepesa macho kama aliyeamshwa.

"Mjomba aliyenifundisha kazi ndivyo anavyosema. Mkono ni bwana, kichwa ni bibi, na kazi ya fundi ni kuozesha. Nimezoea... Ngoja kwanza. Alhamisi ulikuja?"

"Nilikuja! Na chai!"

"Ukadhani ni wewe?"

"Ulisema mrembo! Ulitaka nidhani nani?"

Dada yake, aliyekuwa mlangoni na nusu ya maneno yakimfikia, alipasua kicheko kilichofika barabarani. Mwalimu alitaka kukasirika, akatafuta hasira, hakuiona. Akampiga fundi kifuani kwa viganja vyote viwili, kisha akaficha uso palepale alipompiga.

"Siku nyingine ukiwa na la kuniambia, niambie mimi. Usimwambie mjomba."

"Na wewe ukisikia jambo niulize mimi. Usimuulize dada."

"Haya. Weka muziki, mume wa watu wewe."

"Wa watu gani?"

"Weka muziki!"

Sindano ikashuka. Ukaja mchakacho mdogo, halafu tarumbeta, nzito na tamu, na ukumbi mzima ukaitikia kwa miguu. Walikanyaga, wakazunguka, madirisha yakatetemeka. Ule mkono wa chuma ukateleza juu ya santuri bila kujali. Mwalimu alimvuta fundi katikati ya sakafu. Fundi hakujua kucheza hata kidogo. Alikuwa anahesabu kwa midomo na kutazama viatu vyake, na Mwalimu alizidi kumpenda.

"Kesho Jumapili," akamwambia sikioni. "Baba yupo nyumbani. Uje saa nne."

"Nije na bisibisi? Kumeharibika nini?"

"Hakujaharibika kitu. Unakuja kuniposa."

Kwa mshtuko, fundi akamkanyaga kidole gumba kwa nguvu zote, na Mwalimu hakuruka.