Nyasi za Bondeni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Filemu alikuwa na kazi tatu: kuwafungulia kuku, kufagia majani ya mshelisheli uani, na kubeba vikapu viwili vya nyasi zilizokatwa akazitandaze chini ya migomba. Mama yake, Akenese, alipenda kusema kuwa nyasi hizo zikioza ndizo chakula cha migomba. Filemu alikuwa binti wa miaka kumi na miwili na alilijua hilo tangu hajaanza shule, lakini mama hakuchoka kulirudia.

Nyumba sita za kijiji chao cha Vailupe, kisiwani Savai'i, zilikuwa kwenye kikundi cha kilimo hai. Walilima ndizi ndogo tamu, wakazikausha na kuziuza Nyuzilandi. Cheti chao kilikuwa kimoja kwa wote, na sharti lake halikuwa na mzaha: hakuna dawa ya kuua magugu, hakuna mbolea ya dukani. Nyumba moja ikivunja sharti, zote sita zingeweza kunyang'anywa cheti. Shuleni wenzake walimtania, "Mpisheni mtoto wa ndizi takatifu." Naye aliwajibu kwa maringo, "Endeleeni kula sumu zenu."

Jumatatu moja alishuka bondeni, karibu na kijito, akasimama ghafla. Nyasi katikati ya migomba zilikuwa za manjano, zimenyauka kama zilizomwagiwa maji ya moto. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kwingine kote nyasi zilimfika magotini.

Alitazama ng'ambo ya kijito. Kule kulikuwa na magimbi ya Mzee Pouono, ambaye hakuwa kwenye kikundi na kila mtu alijua kwamba hupulizia dawa. Filemu akaamini amempata mwenye kosa. Na mkaguzi wa cheti, Bi Vaitoa, alikuwa anakuja Alhamisi.

Jioni hiyo alijibanza kwenye kichaka, akamchungulia mzee huyo. Mzee Pouono aling'oa magugu mawili matatu, akajikuna mgongo, akaimba kidogo. Hakupulizia chochote. Lakini ukishamshuku mtu, hata kuimba kwake huonekana ni ujanja. Filemu alirudi nyumbani akiwa na hakika zaidi kuliko alivyotoka.

Kesho yake alimkuta dukani akinunua sabuni. Wanawake watatu wa kikundi walikuwepo.

"Mzee Pouono," Filemu alisema, "dawa yako imeunguza nyasi za shamba letu. Unataka tunyang'anywe cheti?"

Mwanamke mmoja aliguna, "Mimi nilijua tu."

Mzee Pouono alihesabu chenji yake taratibu. "Mimi dawa yangu naipiga mchana, mbele ya watu," alisema. "Sina la kumficha mtu. Haya, binti, twende ukanionyeshe hicho nilichounguza."

Walishuka bondeni wawili hao. Mzee alichuchumaa ukingoni mwa kijito, akapapasa nyasi.

"Dawa ikiruka kutoka kwangu, ianzie wapi kuua?"

"Hapa ukingoni," Filemu alijibu.

"Na hapa pakoje?"

Palikuwa kijani kibichi. Unjano ulianzia hatua kumi ndani ya shamba, ukafuata mstari wa migomba mpaka mwisho, ukageuka, ukarudi na mstari wa pili. Upepo haugeuki hivyo. Hivyo hugeuka mtu mwenye bomba la dawa mgongoni.

"Aliyefanya hivi alitembea ndani ya shamba lenu," Mzee Pouono alisema. "Na mbwa wenu, ambaye humbwekea kila mgeni, sikumsikia." Kisha akavuka kijito kurudi kwake, bila kungoja kuombwa radhi.

Tangu saa hiyo Filemu hakuwa na raha. Wakati wa chakula aliwatazama watu wa nyumbani kwake mmoja mmoja kana kwamba anawaona mara ya kwanza. Mama? Mama ndiye mwenyekiti wa kikundi. Bibi? Bibi hata bomba hawezi kulibeba. Macho yake yakatua kwa Mjomba Lafaele, kaka wa mama, aliyekuwa akila kwa mkono wa kushoto. Mwaka uliopita alianguka kutoka juu ya mnazi, na bega la kulia halikupona sawasawa. Hata hivyo, wiki mbili zilizopita alisema amelifyeka bonde lote kwa nusu siku, kazi ambayo zamani ilimchukua siku mbili. Wote walimsifu, wala hakuna aliyeshuka kuangalia. Filemu mwenyewe alimpa maji ya dafu aliporudi.

Jumatano alipokuwa akifua, alilikuta shati la zamani la mjomba limesukumwa chini kabisa ya kapu. Mgongoni lilikuwa na doa, na lilinuka harufu kali iliyomkereketa kooni. Aliliacha kwenye beseni, akaenda nyuma ya nyumba alikokuwa mjomba.

"Mjomba, lile bonde ulilifyekea nini?"

"Panga. Kwani watu wanafyekea kijiko?"

Panga lilikuwa limeegemezwa ukutani. Lilikuwa na kutu mpaka kwenye makali. Filemu alilitazama, mjomba naye akalitazama, na kicheko chake kikaisha.

"Bega lilikuwa linaniwaka moto," alisema kwa sauti ya chini. "Nikisema siwezi, nitakuwa mtu wa kulishwa tu. Nililiazima bomba kijiji cha pili. Sasa nisikilize, Filemu. Ukisema, nyumba sita zinakosa cheti. Ukinyamaza, kesho mkaguzi ataamini ni dawa ya ng'ambo, na baada ya wiki tatu nyasi zitaota na hakuna atakayejua."

"Na Mzee Pouono je?"

"Watu watamsema, kisha watasahau."

Filemu alikumbuka jinsi mzee yule alivyohesabu chenji yake mbele ya macho yote yale. Neno lililomchafua lilikuwa limetoka kinywani mwa Filemu mwenyewe, wala si kwa mjomba. Alikwenda kwa mama, akamweleza kila kitu, kuanzia dukani mpaka kwenye shati.

Akenese alikwenda kuliangalia shati kwenye beseni. Kisha akamwita kaka yake. "Kesho utasema wewe au niseme mimi?"

"Nitasema mimi," Lafaele alijibu, bila kuinua uso.

Alhamisi Bi Vaitoa alifika na daftari lake. Kabla hajaanza kukagua, Lafaele alisimama mbele ya nyumba zote sita akakiri yote, hata kwamba alimtaka Filemu anyamaze. Mwanamke yule wa dukani aliinamisha kichwa. Mzee Pouono, ambaye Akenese alikuwa amemwalika makusudi, alikuwa ameketi pembeni. Filemu alimwendea, akapiga magoti na kumwomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Yamekwisha, mjukuu wangu," mzee alisema. "Siku nyingine angalia nyasi kwanza, ndipo uangalie jirani."

Bi Vaitoa alishuka bondeni, akapima, akaandika. Uamuzi wake ulikuwa mchungu, lakini si wa kuwaangamiza. Bonde lilitolewa kwenye cheti kwa miaka mitatu, na ndizi zake zingeuzwa sokoni kama ndizi za kawaida. Mashamba mengine yalibaki kwenye cheti, kwa sababu kikundi kilijitaja chenyewe kabla ya kukamatwa. Nao wanawake wa kikundi walikubaliana kwamba kila Ijumaa watafyeka pamoja, shamba hadi shamba, na Lafaele atasimamia ukaushaji, kazi isiyohitaji bega.

Mzee Pouono hakuwa ameridhika. "Bi mkaguzi, nikuulize. Mimi nimekula magimbi ya dawa miaka ishirini, na ninyi mnavunja migongo kwa panga. Hizo ndizi zenu zina nini cha ziada?"

Watu walicheka, lakini wote walitaka kusikia jibu.

"Sikuja kukwambia kwamba utakufa kesho," Bi Vaitoa alisema. "Ndizi ya dawa na ya kwao, ukizimenya, huenda usizitofautishe. Faida ninayoijua mimi ni ya udongo, na ya kijito hiki ambamo watoto wanaoga, na ya mgongo unaobeba bomba. Hiyo inastahili jasho, kwa anayeiweza. Asiyeiweza aseme, asaidiwe."

Akamgeukia Filemu. "Mtu wa Nyuzilandi hatalitembelea shamba hili hata siku moja. Ananunua neno lenu. Neno likiwa la uongo, ndizi ni ndizi tu, na mmemwibia. Wewe jana ulikuwa na njia rahisi ya kunyamaza, ukaiacha. Kilimo hai kinaanzia hapo, kabla hata ya kushika jembe."