Zamu ya Mama Syokau

Ko, ko, ko. Kabla hakujapambazuka, Mwongeli aligonga sufuria kwa kijiko. Aligonga kila mara mumewe, Muia, alipokohoa, ili majirani wa upande wa pili wa mabati wasisikie.

Walikuwa na miezi miwili katika mtaa wa Kawangware. Nyumba yao ya Kisumu Ndogo, kule Kibera, ilibomolewa. Huko Muia alikuwa akimeza dawa za kifua kikuu. Alimeza miezi mitatu, akapata nafuu, akarudi mjengoni kubeba mawe. Nyumba ilipobomolewa, kadi ya kliniki ilipotea, na dawa zikaishia hapo. Sasa alilala kwenye godoro chini, mbavu zikihesabika. Wiki hiyo binti yao Syokau, wa miaka sita, naye alianza kukohoa. Mwongeli alimsikia, akazidi kugonga sufuria.

Hakumwambia mtu. Wao ni Wakatoliki, na kila Alhamisi majirani wa jumuiya yao husali nyumba kwa nyumba, kwa zamu. Zamu yao ilipofika, walifunga mlango wakanyamaza. Hawakuwa na kiti hata kimoja, wala majani ya chai. Muia alisema hawezi kukalisha wageni sakafuni. Watu walibisha hodi, wakaimba wimbo mmoja pale nje, wakaenda zao.

Asubuhi hiyo mtu alibisha tena. Alikuwa Shosho Rachael, bibi mzee, jirani wa upande wa pili. Alileta birika la uji na debe lake la kukalia. Aliketi akielekea mlangoni, asionekane kukichungulia chumba.

"Mama Syokau," alisema polepole, "sufuria yenye maji hailii hivyo. Yako ni tupu. Na anayekohoa ni nani?"

Mwongeli alilia. Alimweleza yote, hadi habari ya viti.

"Viti?" Shosho alisema. "Nyinyi watu wa Machakos mna maringo."

"Sisi ni wa Kitui, shosho," Muia alijibu kutoka godoroni.

"Basi maringo ya Kitui ni mengi zaidi."

Mwongeli alicheka kidogo. Hakukumbuka alicheka lini mara ya mwisho.

Shosho alimmiminia Syokau uji, akawasimulia. Zamani hapakuwa na kanisa mtaani. Jirani mmoja, kibarua kama Muia, aliugua akafa peke yake chumbani. Siku mbili hakuna aliyejua. Waliomzika waliona aibu. Wabwire, fundi wa viatu, akawaita chumbani kwake. Kila mtu alikuja na debe lake, na padri aliketi kwenye sanduku la misumari.

"Hapo ndipo kanisa letu lilipoanzia," Shosho alisema. "Mawe yalikuja baadaye. Tulikubaliana tuzunguke kila nyumba, tujue nani mzima na nani mgonjwa. Hatuji kunywa chai, mwanangu. Tunakuja kuona kama mko hai."

Muia aligeukia ukuta. Alisema hana kadi wala barua ya kuhama, na kliniki watamfukuza.

Shosho alikataa. Alisema hata bila kadi aende, nao watauliza kule Kibera. Dawa za kifua kikuu hazilipiwi. Humezwa hadi daktari aseme zimetosha, hata mtu akijisikia mzima. Tena watoto wa nyumbani lazima wapimwe, na dirisha lifunguliwe hewa ipite.

Siku hiyo hiyo wanaume wawili wa jumuiya walimshika Muia mkono hadi zahanati iliyo kando ya kanisa. Alipimwa makohozi upya. Daktari hakumficha: alikuwa amechelewa, na pafu moja limeharibika. Huenda asibebe mawe tena. Syokau pia alipimwa, akakutwa na ugonjwa, lakini mapema.

Miezi ilikuwa mirefu. Dawa zilimtapisha Muia. Siku nyingine alisema afadhali aachwe. Kila asubuhi Shosho aligonga mabati mara moja, na Mwongeli aligonga mara moja kumjibu: wamemeza. Syokau alipona, akarudi shule. Muia alianza kutembea hadi kanisani, akipumzika njiani mara tatu.

Zamu yao ilipofika tena, mlango ulikuwa wazi. Watu kumi na mmoja walikuja na madebe yao. Walisali, wakanywa maji. Walipoinuka, walitangaza kuwa Alhamisi ijayo ni zamu ya jirani mwingine, Mulei.

Muia, aliyekuwa ameufunga mlango ule, alisimama akishika ukuta.

"Mkitoka kwa Mulei," alisema, "pitieni hapa tena. Hata kama si zamu yetu."