Kiungo cha Tisa

Kila siku nikitoka shule navua sare, navaa ovaroli ya mama iliyokatwa miguu, navuka ua hadi gereji yetu. Mama ni fundi wa viyoyozi vya magari. Wateja wanamwita Mama Baridi. Mimi wananiita Vidole, maana mkono wangu mwembamba unapenya mahali ambapo wa mama unakwama. Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo lilinivimbisha kichwa, acha tu.

Gereji yetu ina utaratibu wake. Gari likishajazwa gesi, kila kiungo cha bomba hupakwa povu la sabuni, kisha unahesabu mpaka mia moja huku umekodoa macho. Povu likianza kutoa mapovu mapya, gesi inavuja. Likitulia, unatia alama ya chaki. Kiungo chenye chaki mama hakigusi tena.

Jumatano moja alikuja Mzee Cherehani, fundi nguo mstaafu wa mtaani kwetu. Kiyoyozi cha gari lake kilikuwa kinapuliza hewa ya joto.

"Nisaidie, mwanangu," alimwambia mama. "Kesho nampeleka mke wangu kwa dada yake. Ni mwendo wa saa sita. Daktari anasema siku zake si nyingi, na kwenye joto hawezi kupumua. Hana ombi lingine, anataka kumwona dada yake tu."

"Ondoa shaka, mzee. Kesho mtatafuta masweta."

Mama alifunga geji ya kupimia gesi, akaona gesi imebaki kidogo sana. Akalipata bomba lililotoboka, akalibadilisha, akajaza gesi upya. "Haya, Vidole, viungo ni tisa," alisema. "Nakwenda kumsikiliza yule mteja wa lori aliyefika sasa hivi."

Nilipima vinane. Cha tisa kilikuwa nyuma ya bampa. Kukipima ilibidi nilale chali, nisukume mkono mpaka kwapani na kuchungulia kwa kioo kidogo. Wakati huohuo wenzangu wakaniita getini, kamba ya kuruka mkononi.

"Vidole, unatuchelewesha bwana!"

Nikajiambia, vinane vyote vizima, hiki kimoja kitakosaje? Nikapenyeza mkono, nikatia chaki, nikatoka mbio. Hata kunawa sikunawa.

Alhamisi nilipotoka shule nililikuta gari palepale. Mzee Cherehani alikuwa ameketi juu ya tairi, kofia mkononi. Walikwenda mwendo wa saa mbili tu, hewa ikaanza kuwa ya joto, mkewe akawa anahema kwa shida. Ikabidi wageuze.

"Nilimshonea gauni la kijani kwa safari hii," alisema. "Amelala nalo."

Mama alitazama geji. "Gesi imevuja tena. Viungo vyote vina chaki, kwa hiyo si viungo. Itakuwa kipoozeo kilichomo ndani ya dashibodi. Itabidi niifungue yote."

Sema, nilijiambia, sema sasa hivi. Badala yake nikaenda kumletea bisibisi.

Mama alifungua dashibodi mpaka jua likazama, na Ijumaa akaendelea. Nilipotoka shule nikawa nampokea skrubu, moja moja. Jioni Mzee Cherehani akasimama mlangoni.

"Mke wangu anauliza kama gari bado."

Mama alifuta mikono iliyochubuka. "Mzee, kipoozeo ni kizima. Nimetafuta mpaka nimechoka. Sijui nimekosea wapi." Mzee akatikisa kichwa, akarudi kwa mgonjwa wake.

Sikuwa nimewahi kumsikia mama akisema hajui. Nikaangua kilio. "Mama, kile cha nyuma ya bampa sikukipima. Nilitia chaki tu."

Nilingoja kofi. Halikuja. "Leta sabuni," alisema.

Nililala chali, nikapaka povu. Sikufika hata kumi, mapovu yakaanza kutoka. Kimpira cha duara cha ndani kilikuwa kimepasuka. Kukibadilisha kulichukua robo saa. Robo saa tu! Mama akarudisha dashibodi, akajaza gesi, tukapima viungo vyote tisa, na baridi ikatoka safi kabisa.

Jumamosi asubuhi Mzee Cherehani alikuja polepole.

"Gari ni zima, mzee," mama alimwahi. "Mnaweza kwenda."

"Ametutoka," alisema. "Alfajiri. Nataka nikamlete dada yake aje kumzika. Naye ni mtu mzima, joto hili atalivumilia vipi?"

Mama aliketi chini, akalia. Mimi nilimwendea mzee, nikamweleza yote, ya kamba na ya chaki.

Alivua kofia. "Siku mbili alikataa kulivua lile gauni," alisema. "Kila gari likipita alisema, lile letu limekuja."

"Nisamehe, babu."

"Nitakusamehe, mjukuu wangu. Leo siwezi." Akavaa kofia. "Gari limepimwa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. "Ngoja nipime tena," nikasema.

Nilifuta chaki zote kwa kitambaa. Nikapaka povu kiungo cha kwanza, nikahesabu mpaka mia moja kwa sauti, machozi yakinidondoka. Nikaenda cha pili, cha tatu. Mzee alisimama pembeni mpaka nilipotoka chini ya bampa na kusema, "Mia moja." Kisha akaingia garini, akapandisha vioo, akaondoka peke yake.

Mama aliniweka karibu naye kwenye benchi.

"Mwanangu, nilifungua gari zima kutafuta ubovu, na ubovu ulikuwa kwenye alama yako. Kazi ikikuchosha, niambie imekuchosha. Ukitaka kucheza, niambie. Hayo tutayapanga. Lakini ukiniambia umefanya na hujafanya, hapo sitapatazama tena, na mtu anaweza kungoja mpaka siku zake zikaisha."

Akanipa kipande cha chaki. Nikarudisha mkono nyuma.

"Shika," alisema. "Jumatatu kuna gari lingine."

Nikakishika.