Mto wa Nywele za Baba

Unywele kwenye chai si habari katika nyumba ya vinyozi. Mkasi amekuwa akitoa nywele kikombeni tangu utoto, anatupa, anaendelea kunywa. Ila huu wa asubuhi ile ulikuwa mweupe, mrefu kama mkono, na alipouvuta ulikuja na kipande cha ngozi kwenye shina, laini, kina mafuta. Nyumbani hapakuwa na mwenye mvi. Mama yao alipaka rangi, na mdogo wake walimwita Kipara, jina linajieleza. Mkasi akaimwaga chai, akatema mate mpaka koo likakauka.

"Umeanza lini kuwa na kinyaa?" Kipara akamcheka.

"Njoo ukitazame kilichomo, halafu ucheke."

Kipara akakitazama, na mkate wake akaurudisha kwenye sahani.

Mvi zilipo wote wawili walipajua. Babu yao, aliyefungua saluni, alikuwa na amri moja tu: nywele zikikatwa zizikwe siku hiyohiyo, kwani nywele zisizo na mwenyewe hutafutwa na mwenyewe mwingine. Lakini Babu huyohuyo, alipomkata Bibi nywele kwa mara ya mwisho, moyo ulimshinda akazificha koponi. Baba akamfanyia Babu vilevile. Na Mkasi alipomnyoa Baba kitandani, siku mbili kabla hajafariki, alizikusanya nywele zake, akazichanganya na za makopo mawili, akashona mto. Ukoo mzima ulijua sheria, na ukoo mzima mapenzi yakaupumbaza. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema.

Mwanzoni mto ulikuwa faraja. Kila baada ya chakula cha mchana Mama aliukumbatia, akawasimulia jinsi Baba alivyombeba Bibi mgongoni kumpeleka kuota jua, na jinsi alivyomwacha mteja kanyolewa upande mmoja, akakimbilia hospitali siku Kipara alipozaliwa. Walicheka hadi machozi. Kwenye wiki ya tatu mto ukaanza kunenepa. Ukawa na uvuguvugu, ukatoa jasho, na chumba kikajaa harufu ya kichwa kilichofungwa kitambaa mwezi mzima bila kuoshwa. Mama hakuisikia. Siku moja Mkasi alimkuta ameitia pembe ya foronya mdomoni, anainyonya macho kayafumba, mate ya manjano yanamtiririka kidevuni. Mkasi alimpenda mama yake kuliko kitu chochote, na siku hiyo alishindwa kumgusa.

Mama akaacha kula. "Baba yenu ananilisha," alisema, kisha akakohoa bonge la nywele, kubwa kama limau, limelowa ute. Akalifuta kwa kanga na kulirudisha mdomoni.

Mchana wa siku ile ya unywele kwenye chai, Mkasi akamleta mganga, mwanamke mnene asiye na subira, aliyeitwa Mama Ubani. Hata viatu alikuwa hajavua alipoziba pua.

"Mtoeni mgonjwa."

Kipara akambeba Mama hadi saluni, mitaa miwili kutoka pale. Wakabaki wawili na mto.

"Jini halina sauti yake," mganga alinong'ona. "Hili mmelilisha hadithi za marehemu, sasa linaongea kama yeye. Wewe uliyeushona ndiye utakayelikataa. Uliambie si baba yako, na uwe na hakika moyoni. Ukisitasita, litamhamia mama yako, na humpati tena. Fumua."

Mkasi akapiga moyo konde, akakata uzi wa kwanza, na wa pili, na mshono ukafunguka wenyewe kama kidonda kilichoiva, ukamwaga majimaji mazito magotini pake, na ndani hapakuwa na nywele zilizokatwa bali nywele zilizoota, nyeusi na nyeupe zimeota pamoja kwenye ngozi moja nyororo ya kijivu iliyokunjamana, inayopumua, ina mba, ina chawa wanaokimbia mwanga, na katikati ya mikunjo pale palikuwa na tundu lenye ufizi usio na meno, nalo likajilamba, likasema kwa sauti aliyokuwa ameililia miezi mitatu:

"Mkasi wangu. Utamchoma baba yako?"

Alitapika palepale. Lakini hata akiwa anatapika, alitamani iseme tena. Hilo ndilo lililomchukiza kuliko chawa wote.

"Likatae," mganga akasema.

"Siwezi. Ni yeye."

"Basi liulize neno ambalo mama yako halijui."

Mkasi akafuta mdomo. "Baba, nilipokunyoa mara ya mwisho, uliniambia nini?"

Tundu likatulia. Ngozi ikakunjamana, inatafuta.

"Nilikwambia nakupenda, mwanangu. Nilikwambia uwatunze."

Mkasi akacheka na kulia kwa pamoja. Baba yake hakuwahi kusema maneno kama hayo maisha yake yote.

"Muongo wewe. Aliniambia, 'Taratibu na hilo sikio, bado nalitumia.' Wewe si baba yangu. Toka kwetu."

Mganga alikuwa ameshamwaga mafuta ya taa. Wakauburuta uani na kuutia kiberiti. Ulilia kama mtoto, ukanuka kama nyama na nywele kwa pamoja, ukaisha. Mama Ubani akaagiza Mama anyolewe kichwa kizima, nywele zizikwe leo leo, akaondoka bila kuaga.

Saluni, Mkasi alimkuta Mama kwenye kiti, anakunywa uji. Kipara alikuwa mlangoni, anatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mama amelitapika bonge lote, akasema, ameomba chakula mwenyewe. Mkasi akambusu mama yake utosini, akamfunga shuka shingoni, akachukua wembe. Akaanzia kisogoni. Nywele zikaanguka, ngozi ikatokea safi, na pumzi zikamrudi. Mama alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake mapajani. Wembe ukafika upande wa kulia.

"Taratibu na hilo sikio," Mama akasema kwa sauti nzito ya kiume. "Bado nalitumia."