Samaki Ambaye Nilda Hakumvua

Kila Jumamosi Nilda Barros aliamka mapema, akachemsha kahawa, akakaanga mayai na soseji, kisha akafunika sahani ya mama yake kwa sahani nyingine ili chakula kisipoe. Mama yake, Lucinda, alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee pale mjini Wareham, na aliporudi asubuhi alikuwa hoi, hata viatu vilimshinda kuvua. Nilda ndiye aliyemvua. Halafu alifagia jikoni, akatoka, akakaa kwenye ngazi za mbele ya nyumba na kutazama barabara.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na aliyekuwa akimngoja ni baba yake.

Adelino Barros alihamia mji wa Brockton baada ya kuachana na Lucinda. Mji wenyewe si mbali, lakini kwa Adelino ulikuwa kama uko ng'ambo ya bahari. Angeahidi kuja, kisha adhuhuri ungefika ujumbe kwamba gari limemsumbua, au kazini wamembana, au kichwa kinamuuma. Nilda alikuwa ameshazoea. Alijibu kila ujumbe kwa neno moja, "Sawa," na hakumwonyesha mama yake.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa Juni gari liliingia uani, kayaki nyekundu, kimtumbwi chembamba cha mtu mmoja, imefungwa juu ya paa, na Nilda akabaki ameduwaa.

"We, umegeuka nguzo?" baba yake aliita akiteremka. "Kalete kayaki yako. Maji yameanza kujaa, na hao samaki besi hawatungoji sisi."

Lucinda alitokea mlangoni, bado yumo ndani ya sare yake ya kazi. "Avae jaketi la kuokolea," alisema. "Na umrudishe kabla ya chakula cha jioni."

"Lucinda, mimi ni baba yake."

"Najua," alisema Lucinda, akaingia ndani.

Walishusha kayaki zao karibu na mdomo wa Mto Weweantic. Bahari ilikuwa inapanda mtoni, na maji yalianza kupenya kati ya majani marefu ya kinamasi. Upepo ulikuwa mdogo. Huko mbele shakwe walikuwa wakipiga kelele na kujitupa majini, na hiyo ilikuwa dalili kwamba chini yao samaki wadogo wanakimbizwa na wakubwa.

"Usipige kafi sana," baba yake alimwambia. "Yaache maji yakufanyie kazi. Wewe elekeza pua ya kayaki tu, halafu tupa chambo chako pale mkondo unapokutana na maji yaliyotulia. Besi milia ni mvivu. Hukaa pembeni, analetewa chakula mdomoni kama mjomba wako Benvindo."

Nilda alicheka mpaka kayaki ikatikisika. Baba yake alipokuwa katika hali nzuri hakuna aliyemfikia. Alimwigiza Benvindo, kaka wa mama yake, akijisifu kwa samaki mkubwa aliyemvua mwaka jana, ambaye picha yake ilikuwa imebandikwa kwenye friji lake. Kesho yake ukoo mzima ungekusanyika kwa Benvindo kuchoma nyama, na Adelino naye alikuwa amealikwa, kwa sababu ya Nilda.

"Kila nikifungua lile friji kuchukua soda, ananiuliza, 'Umemwona?'" alisema Adelino. Alitabasamu, lakini si sana.

Nilda ndiye aliyeanza kupata. Mshipi ulishtuka, ufito wa kuvulia ukapinda, na baada ya mvutano mfupi alimvuta besi mmoja, mgongo wa kijani, mistari myeusi imenyooka ubavuni kana kwamba imechorwa kwa rula. Alimlaza kwenye kipimo alichokibandika kando ya kiti chake. Kipimo hicho alikitengeneza shuleni, katika kikundi cha samaki cha Mwalimu Tobey, na kilikuwa na alama mbili nyekundu. Samaki asiyefika alama ya kwanza anarudishwa majini kwa kuwa bado mdogo. Anayefika ya pili anarudishwa pia, kwa kuwa hao wakubwa ndio wazazi wa samaki wote wanaokuja. Wa kuchukua nyumbani ni yule aliye katikati ya alama hizo, tena mmoja tu.

Huyu wa Nilda hakufika ya kwanza. Alimshika majini kwa mikono miwili, akamngoja apate pumzi, mpaka alipopiga mkia na kuondoka zake.

"Umembusu kwanza?" baba yake aliuliza.

"Bado mdogo. Labda akikua."

Hawakuwa wamemaliza kucheka pale ufito wa Adelino ulipoinama mpaka ncha yake ikazama. Kayaki yake iligeuka yenyewe, ikaanza kuburutwa kuelekea baharini kinyume cha maji.  Adelino alikaza miguu, akalegeza mshipi, akavuta, akalegeza tena. Nilda alimfuata nyuma kwa kafi. Alikuwa hajawahi kumwona baba yake akiwa na subira ya namna hiyo kwa kitu chochote.

Hatimaye samaki alielea ubavuni mwa kayaki, amechoka. Alikuwa mkubwa kupita wote ambao Nilda alikuwa amewaona kwa macho yake. Adelino alimpakata kama mtoto, shati lake likalowa ute.

"Mpime kwangu, Baba." Nilda alisogeza kayaki yake. Hapakuwa na haja ya kupima. Mkia ulivuka alama ya pili, ukavuka na kipimo chenyewe. "Ni mkubwa mno. Mrudishe haraka, anakosa hewa."

"Nimrudishe?"

"Sheria ndivyo inavyosema."

"Unaongea kama huyo mwalimu wako." Adelino alitazama mto juu na chini. Hapakuwa na mtu. "Unajua mimi nimemsubiri huyu miaka mingapi? Benvindo anaye wake kwenye friji. Mimi nina nini?"

"Tupige picha, halafu umwachie. Baba, tafadhali."

Adelino alichukua kipande cha mti alichokuwa nacho miguuni, akampiga samaki kichwani. Akampiga tena. Nilda aligeuza uso.

"Fungua mfuniko wa mbele wa kayaki yako," baba yake alisema.

"Kwa nini kwangu?"

"Kwa sababu kayaki ya mtoto hakuna anayeikagua."

Nilda aliufungua. Samaki aliingizwa ndani ya kayaki yake, kichwa kwanza, na mfuniko ukafungwa. Waligeuza wakarudi. Nilda alihisi kayaki yake nzito puani, na kila alipopiga kafi ilikwenda upande.

Pale pa kupandishia vyombo walimkuta afisa wa uvuvi, mwanamke mrefu aliyeitwa Hathaway, akizungumza na wavuvi wawili. Pembeni, Mwalimu Tobey alikuwa akiosha mashua yake kwa mpira wa maji. Alimpungia Nilda mkono.

Afisa aliitazama kayaki ya Adelino, hakuona kitu. Akaja kwenye ya Nilda. Pembeni mwa mfuniko palikuwa na magamba yaliyogandia.

"Hebu nifungulie hapa, binti."

Nilda alifungua. Wale wavuvi wawili walisogea. Mmoja akaguna.

Kabla Nilda hajapata la kusema, baba yake alicheka kicheko cha aibu. "Afisa, samahani sana. Ni huyu mtoto. Amemvua yeye. Mimi nilikuwa mbali kule, wala sikujua kwamba kamficha. Si unajua watoto, furaha ikiwapanda." Alimwekea Nilda mkono begani, akambonyeza kidogo.

Afisa Hathaway alichuchumaa akamtazama Nilda machoni. "Ni kweli? Ulimvua wewe?"

Maji ya mpira wa Mwalimu Tobey yalikuwa yakimwagika chini. Mwalimu alikuwa amesahau kuosha. Nilda aliuhisi mkono wa baba yake begani, wenye joto, mkono aliokuwa ameukosa tangu majira ya baridi. Akiukana leo, alijiambia, hautarudi tena.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

"Kwa umri wako sitakuandikia faini," alisema afisa akisimama. "Lakini umenisikitisha. Samaki huyu namchukua."

Ndani ya gari Adelino alipiga mluzi. "Umeniokoa, mwanangu. We ndiye mtu wangu, unanisikia? Mtu wangu kabisa." Nilda alikuwa amengoja miaka kusikia maneno hayo. Sasa yamekuja, na yalimchoma kama mwiba. Walipofika, baba yake hakuzima hata injini. "Jumamosi ijayo tena," alisema. Na kesho yake kwa Benvindo hakuonekana.

Jumatatu Mwalimu Tobey alimwita baada ya kipindi. Kikundi chake kilikuwa na safari za mashuani, ambapo wanafunzi waliwawekea samaki vibandiko vidogo na kuwaachia ili ijulikane wanakwenda wapi. Nilda ndiye aliyewafundisha wenzake kupima.

"Siwezi kukuchukua," alisema mwalimu kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa. "Nitawaambia nini wenzako?"

Wenzake walikuwa wameshajua. "Nilda, leo umeficha nini kwenye begi?" walimwuliza kwenye foleni ya chakula. "Pweza?"

Alimpigia simu baba yake. "Umwambie mwalimu tu, Baba. Yeye peke yake."

"Nitampigia. Kesho."

Hakupiga. Jumamosi hakuja. Kikundi kilikwenda safari ya kwanza, kikaenda ya pili, na Nilda aliwasikia wakisimulia. Alipompigia tena, baba yake alikuwa amechoka naye. "Hayo mambo ya shule yatapita, bwana. Mimi ningelipishwa faini, ningeumia. Wewe umepoteza nini?"

Nilda alikata simu. Akaingia jikoni, ambako mama yake alikuwa akila amesimama kabla ya kwenda kazini, akamweleza yote, tangu kipande cha mti mpaka "umepoteza nini."

Lucinda aliacha kula. Uma ulibaki mkononi. Nilda alipomaliza, Lucinda alisema, "Kesho nitakwenda nawe. Lakini kusema utasema mwenyewe."

Mwalimu Tobey alimwita Afisa Hathaway shuleni, na Nilda alisema yote mbele ya wote watatu, macho yake sakafuni.

"Nilishuku," alisema afisa. "Shati la baba yako lilikuwa limejaa ute mpaka shingoni. Lako lilikuwa safi."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuuliza wewe. Ukanijibu ndiyo."

 Afisa aliandika taarifa yake na kusema kwamba Adelino ataitwa kujibu. Mwalimu Tobey alimrudisha Nilda kwenye kikundi, lakini alimtaka awaeleze wenzake ukweli kwa mdomo wake, pamoja na ule uongo wake. Safari za msimu huo zilikuwa zimekwisha. Besi walikuwa wamepanda kaskazini, na angengoja mpaka vuli watakaporudi kusini. Wenzake walimsikiliza. Msichana mmoja, ambaye ndiye aliyeleta utani wa pweza, alimwachia nafasi akae karibu naye.

Jioni ile simu ililia.

"Umenichongea kwa serikali," sauti ya Adelino ilikuwa ndogo, haikuwa hata na hasira. "Damu yangu mwenyewe. Mama yako ndiye kakutuma?"

"Hapana. Nimesema mwenyewe."

"Nilidhani we ni mtu wangu."

Nilda aliishika simu kwa mikono miwili. "Nakupenda, Baba. Lakini yule samaki sikumvua mimi."

 Simu ilikatika upande wa pili.

Alikaa mezani akalia, na mama yake akavuta kiti akakaa kando yake, ingawa saa ya kazi ilikuwa imefika. Alimwacha alie kwanza.

"Nisikilize, Nilda," alisema baadaye. "Kumpenda mtu si kumbebea uongo wake. Baba yako alikukosea, tena sana, kwa sababu mtu mzima hamtwishi mtoto kosa lake. Lakini ile 'ndiyo' ilitoka kinywani mwako, na watu waliiamini kwa sababu hukuwa na tabia ya kudanganya. Hicho ndicho ulichopoteza, na leo umeanza kukirudisha. Safari nyingine mtu akikuomba useme uongo ili akupende, hata awe nani, ujue hakuombi upendo. Anakuomba mahali pa kujificha."

Nilda alifuta uso kwa mkono wa shati. "Atakuja tena?"

 Lucinda angeweza kumpa jibu la kumtuliza, na hakumpa.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Akija, tutamfungulia mlango."

Akainuka, akambusu kichwani, akachukua funguo zake akaenda kazini.