Mhaya Mwenye Haya

Kila jioni, wanafunzi wa shule moja ya Temeke walifanya mazoezi ya halaiki ya sikukuu ya Uhuru. Demetria, binti wa Kihaya, alisimama mstari wa mbele, na hakuna kitu alichokipenda kama nafasi ile. Lakini siku hizi tumbo lilikuwa likinguruma ghafla, naye akitoka mbio kwenda chooni.

"Demetria, ukitoka tena nitamweka mwingine," Mwalimu Ansbert alimwonya.

Wiki chache nyuma aliugua kuhara na kutapika. Homa ilikwisha, tumbo likagoma kutulia. Na nyumbani kwao, nyumba ya wapangaji, kila mtu alimpenda kupita kiasi. Asubuhi Mama alimpa kikombe cha maziwa apate nguvu. Mchana jirani yao, Bi Somoe, alimpa kingine. Jioni Mzee Mwinjuma, balozi wa nyumba kumi, alimwita kando: "Kunywa, mjukuu wangu, usimwambie mtu." Demetria alijua kwamba tumbo humvuruga kila anywapo maziwa, lakini angewaambiaje watu wema kama hao? Alikunywa, akashukuru.

Alipotoka mstarini tena, alirudi nyumbani analia. Mama akampeleka zahanati. Bi Somoe na balozi wakafuatana nao. Daktari Gaudens alipima choo, hakukuta minyoo wala amiba.

"Tangu apone anakula nini?" aliuliza.

"Chakula cha kawaida, na maziwa kidogo," Mama alijibu.

"He! Mbona na mie nampa?" Bi Somoe akadakia.

Balozi alikohoa, akatazama dari.

Daktari alicheka sana. "Virusi vilivyomharisha vimeondoka, lakini vimeuumiza utumbo. Kwa sasa haumeng'enyi maziwa vizuri. Ayaache kwa wiki chache, ale uji, ndizi na samaki. Utumbo utapona, naye atakunywa tena. Demetria, hukuliona hilo?"

"Niliona, Daktari. Nilikuwa naona haya kusema."

"Makubwa! Mhaya mwenye haya!" Bi Somoe alisema, akamkumbatia.

Siku ya Uhuru, tumbo likiwa limetulia na Mwalimu Ansbert amemrudishia nafasi yake, Demetria alisimama mstari wa mbele tangu mwanzo hadi mwisho, na balozi alishangilia mpaka sauti ikakauka.

"Sisi tulikosa kukuuliza, nawe ulikosa kutuambia," Mama alimwambia baadaye. "Mwili ni wako, mwanangu. Ukikusumbua, sema, hata kwa wanaokupenda."

Balozi akatia mkono mfukoni, halafu akasita.

"Mjukuu wangu, chungwa je, linakudhuru?"

"Chungwa halina neno, Babu," Demetria alijibu, akalipokea kwa mikono miwili.